Sanduku Lililopumzishwa Mara Nne

Inspekta Eliaichi alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya zahanati ya kiwanda, futi kamba mkononi, akipima alama ya tatu.

"Arobaini na sita kwa arobaini," alisema. "Andika."

Koplo Raudha aliandika. "Sawa na zile mbili, afande."

Alama zilikuwa juu ya vumbi la pamba. Vumbi hilo lilitoka kwenye mashine ng'ambo ya uwanja, likapenya madirishani na kutua juu ya kila kitu, jeupe na laini kama unga. Mfagiaji hakuwa amefika tangu Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne. Alama ya kwanza ilikuwa juu ya kigoda chini ya kabati. Ya pili, kwenye benchi la wagonjwa. Hii ya tatu ilikuwa sakafuni karibu na mlango wa nyuma. Ya nne waliikuta nje, kwenye ngazi.

Kutoka kabatini hadi ngazini ni hatua ishirini na mbili. Eliaichi alizihesabu mara mbili.

Kilichoibwa ni sanduku la bati la mwaka 2004. Ndani yake zilikuwamo picha za eksirei za vifua vya watu sitini na mmoja walioajiriwa mwaka huo. Masanduku ya miaka mingine hayakuguswa, wala mizani, wala dawa. Kabati halikuvunjwa.

"Funguo unaiweka wapi?" alimuuliza muuguzi.

Editha alionyesha msumari nyuma ya mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. "Pale. Miaka yote iko pale. Kila mtu anajua."

Sanduku hilo lilikuwa na kazi keshokutwa. Wanawake watano waliofanya kazi miaka ishirini katika chumba cha kuchambua pamba walikuwa wagonjwa wa kifua. Kiwanda kiliwaachisha kwa barua iliyosema walikuja na maradhi yao. Wao walisema maradhi waliyapatia humo. Alhamisi jopo la madaktari lingeweka picha ya siku ya kuajiriwa kando ya picha ya leo, liamue nani anasema kweli. Wakishinda, watatibiwa kama watu walioumizwa na kazi. Wakishindwa, kila mtu na kikohozi chake.

Bila sanduku, hapakuwa na cha kulinganisha.

Wanawake wenyewe walikuwa wameketi kwenye ukingo wa saruji nje ya geti. Edgar, afisa utumishi, alipotokeza na tai yake, mmoja wao aliinuka. Alikuwa Apolonia, mnene, mwenye sauti iliyokwaruza.

"Mwizi yuko ofisini, afande! Huko chini unapima nini?"

"Mama Apolonia, heshima tafadhali," Edgar alisema.

"Heshima gani, baba? Yangu nilishaikohoa yote humo ndani!"

Wenzake walicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, wakawa wanashikana mabega. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani, anatazama chini.

Eliaichi alirudi kabatini, akatoa sanduku la mwaka 2005, bati lile lile, ukubwa ule ule.

"Bwana Edgar, nisaidie. Libebe mpaka getini."

"Mimi?"

"Wewe."

Edgar alilibeba kwapani, akapita benchi, akapita mlango, akashuka ngazi, akafika getini bila kusimama.

"Umechoka?"

"Nimechafuka."

Kisha likabebwa na Editha, mwanamke mdogo wa kilo hamsini. Naye hakusimama. Eliaichi alilirudisha kabatini mwenyewe, akajipangusa mikono polepole.

"Zito si zito," alimwambia Raudha. "Mwenye pumzi zake hapumziki mara nne katika hatua ishirini na mbili."

Raudha aligeuka kutazama geti. "Lakini afande, hao ndio wanaozihitaji hizo picha."

"Ndiyo. Hapo ndipo panaponisumbua."

Daftari la wagonjwa lilikuwa mezani. Jana, Jumatatu, saa saba mchana, Editha alikwenda kula kwa mamalishe. Kabla ya kutoka alikuwa amehudumia watu wawili. Kijana aliyekatwa kidole, akarudi kwenye mashine. Na Demetria, aliyekuja kuchukua dawa ya kuvuta, ambayo zahanati ilikuwa bado inawapa wale watano.

"Nilimwacha kwenye benchi," Editha alisema. "Alisema apumue kidogo ndipo aende. Sasa ningemfukuza?"

"Demetria ni yupi?"

"Yule mwenye kitenge cha kijani."

Eliaichi alitoka. Ukingoni waliketi wanne tu. Demetria alikuwa ameondoka.

Mlango wa nyuma wa zahanati ulitokea kwenye vibanda vya mamalishe, ambako hakuna mlinzi. Mbele ya vibanda zilipangwa bajaji. Dereva wa tatu kuulizwa, Nassibu, aliikumbuka safari ya Demetria.

"Mpaka Chamazi, braza. Mama ana mzigo kaufunga kanga. Nikamuuliza nini, akasema masufuria. Nikamwambia mbona hayagongani?"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alikuwa anatafuta pumzi. Nikaona basi, nisije nikamuua kwa maswali. Nikambebea mpaka mlangoni."

Saa tisa alasiri, wakiwa na mjumbe wa mtaa, walibisha hodi Chamazi. Chumba kimoja na ukumbi, uwanja umefagiwa. Demetria alifungua kabla hodi ya pili haijamalizika.

"Shikamoo, mama," Raudha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Piteni. Vueni tu viatu, nimetoka kupiga deki."

Eliaichi alimsomea hati ya upekuzi. Haikuwa na kazi kubwa. Sanduku lilikuwa katikati ya ukumbi, wazi. Na dirishani, kwenye kamba ya kuanikia, zilining'inia picha mbili, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Jua la alasiri lilipita ndani yake. Vifua viwili vya bluu na nyeupe. Upande wa kulia wa kila kimoja, ubavu wa nne ulikuwa umepinda, na mahali pa kupinda pana fundo kama la muwa.

Eliaichi alizitazama kwa muda mrefu.

"Hizi ni za nani, mama?"

"Moja ni yangu."

"Ipi?"

"Ndiyo nashindwa kujua." Alikaa kwenye ukingo wa kochi. "Bahasha zina namba tu. Majina yako kwenye rejesta, na rejesta ipo kwa Editha. Nilidhani nitaona jina. Nimezitoa zote sitini na moja, nimezitazama juani, moja baada ya moja. Zenye huo ubavu ziko mbili."

"Wewe uliwahi kuvunjika ubavu?"

"Sijawahi."

Mjumbe alikohoa kwa aibu. Eliaichi alimwonya Demetria kwamba halazimishwi kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa. Demetria aliitikia kwa kichwa.

"Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliugua kifua kikuu, huko kwetu Muleba. Nikameza dawa, nikapona kabisa. Daktari mwenyewe alinipa mkono. Lakini kovu lilibaki. Nilipokuja Dar kutafuta kazi, viwanda viwili vilinipiga picha, vikaliona, vikanirudisha. Hawakuuliza naweza kubeba nini. Nilikuwa nabeba ndoo mbili za maji, afande, moja kichwani na moja mkononi, mpaka juu kule kwa bosi niliyemfanyia kazi za ndani."

"Ukaja hapa."

"Nikaja hapa. Na mtu akasimama kwenye mashine badala yangu. Alitoka na karatasi yake, akarudi kwenye foleni, akaingia tena na karatasi yangu. Mpiga picha hakuinua hata uso."

"Mtu gani?"

Demetria alitazama mikono yake.

"Miaka kumi na nne sikuwahi kuomba ruhusa ya ugonjwa," aliendelea. "Kisha vumbi likaanza kunikaba. Wakanitoa kwenye mashine, wakaniweka kwenye kufagia. Kufagia vumbi lile lile! Halafu siku tatu kwa wiki. Halafu barua."

"Kwa nini hukujitoa kwenye madai?"

"Nilisema nijitoe. Wenzangu wakasema, Demetria, wewe ndiye mgonjwa kuliko sie wote, ukijitoa tutaonekana waongo. Ndipo daktari wa chama cha wafanyakazi akatueleza kwamba picha mbili zitawekwa pamoja, mbavu kwa mbavu. Usiku ule sikulala. Wangeona ubavu uliopinda, halafu leo umenyooka. Wangesema hawa wametudanganya. Si mmoja. Wote watano."

"Kwa hiyo ukachukua sanduku zima."

"Nilitaka kutoa yangu tu, nirudishe zilizobaki kabla Editha hajajua. Sasa nikichoma isiyo yangu, nimemchoma mwenzangu."

Neno hilo, mwenzangu, lilimtoka kabla hajalitazama. Raudha aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Eliaichi hakuinua chake. Alikuwa anafungua vibanio, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeanua nguo za mtoto.

"Unajua kinachoniuma?" Demetria aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ningesimama mwenyewe siku ile, leo wangeona kovu dogo pale, na mapafu yaliyokwisha hapa. Kifua changu mwenyewe kingenitetea. Ila kwa kifua hicho nisingepata kazi."



Kituoni, saa kumi na moja na nusu, vielelezo vilihesabiwa: picha sitini na moja, sanduku moja, kanga moja. Kwa simu Eliaichi alikuwa amemweleza katibu wa jopo kwamba picha zimepatikana, zote, na kwamba zitakuja chini ya ulinzi wa polisi pamoja na maelezo. Katibu aliuliza maelezo gani. Eliaichi alisema bado yanaandikwa.

Rejesta ya zahanati ilikuwa mbele yake. Alitafuta namba zilizoandikwa kwenye bahasha za picha zile mbili, namba walizopewa wakati wa kujiandikisha. Namba kumi na saba, Demetria. Namba kumi na nane, jina lililofuata. Alilisoma mara moja, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

Raudha aliandika maelezo ya onyo, swali na jibu. Demetria alijibu vizuri, bila kujitetea. Ufunguo aliuchukua mwenyewe. Hakusaidiwa na mtu. Editha hakujua lolote. Walipofika swali la kumi na nne, Eliaichi aliuliza kwa upole ule ule.

"Nani alisimama badala yako?"

Demetria alifungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi. Kilimkunja, kikamshusha hadi paji la uso likagusa meza. Raudha aliacha kalamu akamshika mgongo. Alipewa maji, akavuta dawa yake, akavuta tena. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Eliaichi alimtuma askari kumwita daktari wa zamu wa kituo cha afya cha jirani, kisha akaandika pembeni mwa ukurasa: mahojiano yamesimamishwa saa 12:05 jioni, mtuhumiwa hawezi kuendelea.

Mlango uligongwa. Alikuwa Apolonia, na chupa ya uji mkononi. Safari hii hakupaza sauti.

"Shikamoo afande. Nimesikia mko naye. Huyo chai inamkera kifua. Anakunywa uji wa ulezi tu."

"Marahaba. Mpe."

Hakusogea. "Na mie nina neno."

"Ni fupi?"

"Si fupi." Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe, ukashika mbavu za kulia. "Afande, tangu nisikie mmemkamata nimemnunia huyu, namwita msaliti, kumbe ule ubavu..."

"Apolonia!" Demetria alisema, na pumzi ikamwishia hapo.

Eliaichi aliwatazama wote wawili. Alifunga rejesta.

"Leo maelezo yamesimama, mama. Kesho saa tatu asubuhi njoo, ukiwa umelala na umekula. Nitakusikiliza mpaka mwisho, na nitaandika utakachosema. Sitakiandika nusu."

Apolonia aliketi kwenye benchi, akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko na kuupuliza. Ilimchukua mipulizo mingi. Kila mmoja ulikuwa mfupi.

"Afande," Raudha alinong'ona, "la kumi na nne nimeliacha wazi."

"Liache," Eliaichi alisema, akaenda kumfungulia daktari mlango.