Idhini ya Hhando

Arifa iliingia saa saba mchana, Efrazia akipepeta maharage uani. Simu haikuwa na mtandao.

"Hhando amepitia mchango wako. Amekubali."

Hhando, kaka yake, alikuwa amekufa maji siku tano kabla, kwenye chemchemi iliyo juu ya shamba lao, kijijini Maretadu. Efrazia aliiweka simu chini. Vidole vyake vilinuka tope.

Walikuwa wanne wakiandika programu ya kuwaonya wakulima kuhusu mvua: Hhando, Efrazia, mumewe Yohanes, na mwalimu Margwe. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ulikuwa wazi mtandaoni kwa yeyote kuusoma, lakini kila badiliko lilihitaji idhini za wawili kati yao. Roboti ya mtandaoni iliwatumia arifa. Na kwa kuwa mtandao pale hukatika siku nzima, Efrazia mwenyewe aliongeza sharti: asiyejibu kwa siku tatu, amekubali.

Arifa ya pili ilisema, "Hhando anaomba kuondoa jina la Margwe." Wote waliona ni hitilafu, wakaiacha bila kuijibu. Siku ya tatu Margwe alikutwa kitandani amekufa, nywele zimelowa. Mvua haikuwa imenyesha.

Kesho yake: "Hhando anaomba kuondoa jina la Yohanes." Jioni Yohanes akaanza kukohoa maji yenye tope.

Efrazia alimfuata mama mkwe wake, Agatha, jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usisogee. Nyumba yenye msiba haichangii maji na majirani mpaka siku zake ziishe. Wewe ulikaa ndani?"

"Nilikaa. Sikuvuka hata ua."

"Na hiyo kazi yenu ya kwenye simu?"

Efrazia alitazama chini. Siku ya pili ya msiba alikuwa ametuma kazi ya mwisho ya kaka yake, kwa jina la kaka yake, isipotee.

"Basi ulitoka," Agatha alinong'ona. "Umemwita marehemu mbele za watu. Kilichomchukua kule juu kikaitika."

"Nimejaribu kulifuta jina lake, mama."

"Ikawaje?"

"Inataka akubali mwenyewe, naye anakataa."

Siku ya tatu, zikiwa zimebaki saa mbili, arifa zilikuwa zikiingia lakini hakuna jibu lililotoka. Mtandao ulikuwa kilimani. Efrazia akamwomba Yohanes simu yake, akakatae kwa zote mbili.

Yohanes aliitoa chini ya blanketi. "Chukua. Shemeji amesema nikikubali mimi, wewe atakuacha."

"Ni homa hiyo. Lala."

Akapanda, akaipita chemchemi bila kugeuza shingo, ingawa nyuma yake maji yalisikika yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, kwa mwendo uleule wa miguu yake, na harufu ya tope ikamfuata hadi kileleni ambako alibonyeza "Nakataa" kwenye simu yake, akaona imekwenda, akafungua ya Yohanes na kusoma: "Ulishakubali. Idhini mbili, ya Hhando na yako, zimetimia. Jina limeondolewa."

Alipofika nyumbani, Agatha alikuwa anakausha nywele za mwanawe kwa kanga.

"Zinalowa tena," alisema. "Kila nikifuta."

Simu ikatetemeka mfukoni. "Hhando anaomba kuondoa jina la Efrazia."

Tangu hapo, akikataa leo, ombi hurudi kesho. Naye hupanda kilimani kabla siku tatu hazijaisha. Masika yameanza juzi, na njia ni moja tu, ile inayopita kwenye chemchemi.