Milio ya Kisimani

Rafiki yangu fundi ndiye aliyenisimulia, na Mungu anisamehe nikiongeza chumvi.

Mdogo wake alifukiwa na udongo kisimani. Fundi akashusha kifaa cha kuhisi mtikisiko, waya wake ukiingia kwenye kompyuta ndogo yenye spika. Kimya.

“Kompyuta inasoma kifaa polepole, inaruka milio!” alilia, akabadilisha programu isome mara maelfu kwa sekunde.

Ko. Ko. Ko.

“Yu hai! Chimbeni, jamani!”

Walimfikia gizani, akihema kwa shida.

“Ulivyogonga ndivyo tulivyokupata, mdogo wangu.”

“Kaka, ningegonga na nini? Mikono ilibanwa tangu mwanzo.”

Wakampandisha juu. Hakubaki mtu kisimani, kile kifaa tu, na spika bado ilikuwa inagonga.