Ushuru Umepanda, Si Sisi

Kila siku akitoka shule, Kasuku alipitia dukani kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua viatu vya shule, akavaa ndala, akachukua kitambaa na kuanza kufuta vumbi: kwanza simu zilizopangwa kwenye kabati la kioo, kisha redio, mwisho maboksi ya kompyuta kwenye rafu ya juu. Jina la Kasuku alipewa na wateja wenyewe. Shangazi akimfundisha maneno mara moja tu, msichana yule aliyarudia siku nzima bila kukosea, kwa sauti ya kumfikia hata mpita njia wa ng'ambo ya barabara.

Mwezi ule neno lililovuma mjini lilikuwa ushuru. Redio ilitangaza kwamba serikali imeongeza ushuru wa forodha, yaani fedha inayotozwa bidhaa zinapoingia kutoka nchi za nje, kwa simu, kompyuta na baadhi ya mashine. Basi ikawa balaa. Muuza chaja alipandisha bei, akasema ni ushuru. Kinyozi naye akapandisha, akasema ni ushuru, kana kwamba vichwa vya watu vinaletwa kwa meli. Watu walinung'unika na kulipa, maana nani atakwenda kugombana na forodha?

Shangazi alisimama katikati ya duka akayatazama maboksi ya rafu ya juu.

"Haya bei yake inabadilika leo," alisema. "Mtu akiuliza, mwambie: ushuru umepanda, si sisi."

"Lakini shangazi, haya si tuliyapokea kabla ya tangazo? Mimi mwenyewe nilisaidia kuyabeba."

"Kuna aliyekuuliza?"

Kasuku akanywea. Mwanzoni aliyasema maneno yale kwa shida. Baada ya siku chache alikuwa akiyasema kwa madaha, na wateja wakicheka huku wakitoa pochi zao.

Alasiri moja alikuwa juu ya ngazi, mgongo ameupa mlango, aliposikia mtu akiuliza kompyuta ya mwanafunzi wa chuo inauzwaje. Alitaja bei bila kugeuka.

"Mbona juu hivyo? Nilipopita majuzi haikuwa hivyo."

"Ushuru umepanda, si sisi!"

"Kwa hiyo hata duka la pili ni hivyo hivyo?"

"Kila mahali, mama. Forodha hiyo!"

Aligeuka. Aliyesimama pale alikuwa Mama Kidoti, fundi cherehani, mama wa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Kumbe ni wewe, mwanangu?" alisema Mama Kidoti, uso ukimlegea. "Afadhali nimekuuliza wewe. Wafanyabiashara hawa wakubwa ningewatilia shaka."

Akaaga, akaenda zake. Kasuku alikuwa na nafasi ya kushuka na kumkimbilia. Hakumkimbilia. Alijiambia kwamba mambo ya bei ni ya watu wazima, akaendelea kufuta vumbi. Kabla ya wiki kwisha, Mama Kidoti alirudi na fedha zote, akaondoka na boksi.

Ilikuwa Jumatatu wakati wa mapumziko Kidoti alipokataa kucheza.

"Mama ameuza ovaloki," alisema.

Kasuku aliijua mashine ile. Ndiyo iliyoziba kingo za nguo ili nyuzi zisifumuke, na ndiyo iliyowaletea kazi za sare za shule.

"Ameiuza kwa nini?"

"Si kompyuta ya dada? Bila kompyuta chuoni hawamruhusu kuendelea na masomo. Mama alikuwa amejikusanyia ya kutosha bei ya zamani. Aliposikia ni ushuru, akasema basi hakuna pa kukimbilia, na akingoja itapanda tena. Sasa anaziba pindo kwa mkono. Vidole vyake ukiviona utalia."

Siku ile Kasuku aliingia dukani bila kuvua viatu.

"Shangazi, kompyuta ya Mama Kidoti haikulipiwa ule ushuru mpya. Tulimdanganya."

Shangazi hakukasirika. "Unajua mzigo ujao nitaununua kwa bei gani?" aliuliza taratibu. "Nikiuza hizi kwa bei ya zamani, fedha nitakayopata haitatosha kuleta nyingine. Rafu itabaki tupu. Utafuta vumbi la nini hapo?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi Kasuku.

"Basi tungemwambia hivyo hivyo," alisema huku akilia.

Shangazi alianza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Kasuku alikwenda mwenyewe chumbani kwa fundi na kusema yote. Mama Kidoti alisikiliza mpaka mwisho. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akasimama, wakaongozana mpaka dukani. Shangazi alimwona tu mlangoni akaelewa. Alifungua droo, akarudisha ile nyongeza yote, akaomba radhi mbele ya wateja. Kisha Mama Kidoti alikimbilia kwa mnunuzi wa ovaloki. Mashine ilikwisha kusafirishwa kwenda mji mwingine, na fedha iliyorudishwa isingenunua mpya, kwa sababu mashine mpya nazo, safari hii kwa kweli, zilikuwa zimepandishwa ushuru.

Jioni Kasuku alimkuta amerudi kwenye sindano yake. Kidoti, ambaye siku ile aliondoka shule mapema kumsaidia mama yake, alikuwa pembeni akitunga uzi.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza," alisema Mama Kidoti. "Kupandisha bei si dhambi. Duka ni lake. Ungeniambia mwenye duka amepandisha kwa kuhofia mzigo ujao, ningechagua mwenyewe: ninunue, ningoje, au nikaulize kwingine. Uliponiambia ni forodha, hukunipandishia bei tu. Ulininyang'anya nafasi ya kuchagua. Ukitumwa kusema neno, jiulize kwanza kama ni kweli. Aliyekutuma hatakuwapo mtu akiumia. Utakuwapo wewe."

Kasuku aliinamisha kichwa. Kidoti akasafisha koo.

"Mwalimu wa hesabu ametoa zoezi gani?"

Kasuku alifurahi kusemeshwa. "Ukurasa wa sehemu, maswali yote ya chini."

"Asante," alisema Kidoti. Akaweka uzi chini, akatoka, akabisha hodi kwa jirani ambaye mtoto wake walisoma naye darasa moja. Wote wawili waliokuwa chumbani walimsikia akiuliza, "Eti mwalimu wa hesabu ametoa zoezi gani?"

Kasuku alimtazama Mama Kidoti, machozi yakimlenga.

"Usimkasirikie," alisema Mama Kidoti bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Hata wewe ungeuliza."