Namba Zilizokwama Mrijani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya mchana, Amisa alifagia kibaraza cha zahanati ndogo karibu na Gashoho, ambako mama yake alikuwa muuguzi. Kisha aliketi mbele ya kompyuta ya zahanati kufanya mazoezi ya hesabu.

Kompyuta ile ililinda jokofu la chanjo. Kaka yake Husni, aliyesomea kompyuta Gitega, aliiwekea programu mbili, akamkabidhi Amisa aziangalie. Ya kwanza ilipima joto la jokofu. Ya pili ilisikiliza, na joto likipanda ilipiga king'ora na kutuma ujumbe kwenye simu ya mama.

"Programu haiwezi kuchungulia ndani ya mwenzake," Husni alimweleza. "Kila moja imejifungia chumbani mwake. Kwa hiyo mashine inatandika mrija kati yao. Huyu anamimina namba, yule anapokea. Mpokeaji akisimama kidogo, namba zinamngoja mrijani. Ukimfunga kabisa, zinapotea, wala hakuna atakayezijua."

Jumamosi Amisa alitaka kutazama filamu, na mashine ilikuwa inakwamakwama. Akaisimamisha programu ya kusikiliza. Kwa muda mfupi tu, alijiambia. Filamu ilipokwisha alikwenda nyumbani, akasahau.

Jumapili umeme ulikatika kutwa. Kompyuta ilikuwa na betri ya jua. Jokofu halikuwa nayo.

Jumatatu akina mama walijaa kwenye benchi. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya mlima wa jirani, na mtoto mmoja alikuwa amekwisha zikwa. Wa kwanza alikuwa Gaudensia, mkulima aliyekulia Tanzania, amempakata mwanawe Ignasi.

"Binti muuguzi," alimtania Amisa, "mbona umejikunyata? Sindano ni za hawa wadogo, si zako."

Mama alifungua jokofu. Umeme ulikuwa umerudi. "Digrii tano, iko sawa," alisema. "Frigo ingepata shida, simu ingelia."

Amisa alitazama kioo cha kompyuta. Programu ilikuwa bado imesimama. Namba zote za jana zilikuwa mrijani, zinangoja. Akiifunga na kuiwasha upya, zitapotea, na hakuna atakayemuuliza neno. Mama alikuwa amekwisha shika sindano.

Amisa aliwaza hasira za mama na macho ya wale wanawake. Ignasi alinyoosha mkono, akashika pindo la koti la mama, akacheka. Amisa akabonyeza kitufe cha kuendelea.

King'ora kikalia. Namba zikaanza kuteremka kiooni: tisa, kumi na nne, ishirini na mbili. Simu ikatetemeka mfukoni mwa mama.

"Ni za jana," Amisa alisema. "Mi ndiye niliyeisimamisha. Nilitaka filamu."

Mama aliweka sindano chini polepole. Hakumpiga. Aliwaambia akina mama kwamba dawa iliyokaa kwenye joto hivyo haiwezi kuaminika tena.

"Nimetembea tangu alfajiri," alisema Gaudensia. "Sasa nimrudishe mtoto kwenye surua?"

Mama alipiga simu Muyinga kuomba chanjo nyingine.

Stoo ya Muyinga ilikuwa tupu. Chanjo mpya ilifika wiki tatu baadaye, na watoto wa lile benchi walichanjwa, isipokuwa Ignasi. Yeye alikuwa wodini, mwili umejaa vipele. Alipona, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena.

Siku Ignasi aliporudi nyumbani, Amisa alimwuliza mama, "Ningenyamaza ingekuwaje?"

"Ningewachoma wote dawa iliyokufa," mama alisema, huku akikoroga uji jikoni. "Wangerudi nyumbani wakijiona salama, na tungezika wengi. Ulipewa kitu cha kulinda, ukakiacha. Kosa hilo ni lako, na jicho la Ignasi halirudi. Lakini habari mbaya uliifikisha. Mtu anayeshika habari ya wenzake haruhusiwi kuikalia, mwanangu, hata kama itamchoma yeye mwenyewe."

Alimimina uji kwenye chupa, akafunga kifuniko.

"Mpelekee Gaudensia. Mpe kwa mkono wako, usimwachie mtu mlangoni."