Lango la Alumini

Kila asubuhi ya likizo, Salama aliamka, akamwamkia shangazi yake, akafagia uwanja na kuosha vyombo. Kisha aliketi na binamu yake Jabiri mbele ya kompyuta kuukuu. Alikuwa ametoka kwao Kwa Mathias, Kibaha, kuja kupumzika Kisarawe. Yeye alikuwa darasa la sita, Jabiri la nne, na Jabiri aliamini kwamba hakuna jambo ambalo dada Salama halijui. Salama naye hakuwahi kumsahihisha.

Jabiri alicheza gemu la kujenga ngome ndani ya mlima. Tangu shule zifungwe alikuwa akichimba vyumba, na watu wake wadogo aliwapa majina ya ndugu. Alikuwapo Bibi, alikuwapo Babu Hussen, na fundi mkuu aliitwa Salama. Sasa alitaka kuvuta magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, iingie kwenye karakana yake.

"Dada, lango la kuizuia nijenge kwa kitu gani ili lisiyeyuke?"

Salama hakujua. Gemu hilo alilicheza mara chache tu kwenye simu ya kaka yake, na magma hakuwahi hata kuifikia. Lakini aseme hajui mbele ya mtoto wa darasa la nne? Akatupa jicho jikoni, akaona sufuria ikichemka juu ya mkaa.

"Alumini," alisema. "Si unaona sufuria? Kila siku iko motoni na haiyeyuki. Mimi mwenyewe nimeshajaribu."

Jabiri akajenga lango, akafungua mfereji. Magma ilifika langoni, na lango likayeyuka palepale. Watu wadogo wakakimbia huku na huku. Akaungua Bibi, akaungua Babu Hussen, na fundi Salama akawa wa mwisho. Gemu lile halikuruhusu kurudi hatua ya nyuma, kwa hiyo kazi yote ya likizo ikawa imepotea.

Jabiri aliinamia kioo cha kompyuta. "Labda nimeacha tundu mahali."

"Inawezekana," Salama alijibu haraka. "Uwe makini siku nyingine."

Maneno hayo yalipomtoka, alitamani kuyameza.

Mchana walikula pamoja na Shangazi Biasha, ambaye ni muuguzi.

"Mama, ngome yangu imeungua," Jabiri alisema. "Dada alinifundisha vizuri, mimi ndiye nimekosea. Nitajenga tena kwa alumini ileile."

Salama alirudisha tonge la wali sahanini. Alishindwa kumtazama mtu yeyote.

"Shangazi, si kosa lake," alisema huku machozi yakimlenga. "Nilidanganya. Sijawahi kujaribu. Nilibahatisha tu baada ya kuona sufuria yako."

Jabiri akamgeukia. "Sasa mbona ulikubali kwamba nimeacha tundu?"

Salama aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

"Sufuria haiyeyuki kwa sababu ina maji, na moto wa mkaa ni mdogo," Shangazi alisema taratibu. "Hata hivyo, kutojua si kosa, mwanangu. Hospitalini, muuguzi asiyejua kipimo cha dawa huuliza, hata kama wa kumuuliza ni mdogo kwake. Akijifanya anajua, anayeumia ni mgonjwa. Aibu ya kusema hujui inapita upesi. Hii uliyonayo sasa, unaionaje?"

"Nzito, shangazi. Nisamehe, Jabiri."

Baada ya kula, Jabiri alimvutia Salama kiti cha pili mbele ya kompyuta.

Walianza ngome mpya. Safari hii walichimba kwanza mashimo madogo ya majaribio, kila moja na lango lake, wakamwaga magma kidogo. Shaba ikayeyuka, alumini ikayeyuka. Chuma kikabaki kimesimama.

"Na hili jiwe jeusi?" Jabiri aliuliza.

Salama aliona aibu kidogo. "Sijui," alisema. "Hebu tulijaribu."

Jabiri akachimba shimo jingine la majaribio. Kisha akambofya fundi mkuu wa ngome mpya, ambaye bado hakuwa na jina, akaandika: Salama.