Mkono Juu ya Magunia

Watu wa kanisani wananiambia nimshukuru marehemu mume wangu. Wananiambia kwa upole, nami nawaitikia, kisha naingia ndani na kuubamiza mlango. Wao hawakuwa kwenye ile pikipiki.

Jua lilikuwa linashuka. Muuguzi wa kijijini kwetu alitazama viganja vya mwanangu Béthanie, vyeupe kama unga wa muhogo, akatikisa kichwa.

"Mama, damu inamuishia. Huku hatuna ya kumutia. Mumupeleke hospitali ya Kamina, musichelewe."

Mdogo wangu Mwepu, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, akawasha pikipiki. Nilikaa nyuma yake, Béthanie katikati, nimemkumbatia, kichwa chake kimechomoza juu ya bega la mjomba. Joto lake lilipenya nguo zangu. Nilisikiliza pumzi zake zaidi ya mlio wa injini.

Mji ulipokaribia tulikuta lori lililojaa magunia ya samaki wakavu kutoka Kinkondja, abiria wamekaa juu yake. Lilikwenda polepole mno. Vumbi lake likatumeza.

"Mupite," nilimwambia Mwepu.

"Sioni kioo yake, Yaya. Kama sioni kioo yake, na yeye haweze kuniona."

Hilo alifundishwa na Salomon, mume wangu, aliyeendesha malori miaka mingi. Na Salomon alikufa kwenye barabara hiyohiyo, akijaribu kulipita lori kwa pikipiki ndani ya vumbi. Ndiyo maana Mwepu alikuwa mwoga, nami nilimwelewa.

Kisha dereva akawasha taa ya kulia, ishara yao ya kuwaruhusu walio nyuma wapite. Huko juu wanawake wa sokoni walikuwa wamemwona mtoto. Wakatupungia mikono: piteni, piteni.

Mwepu akasogea kushoto ili apite, kwani huku magari hushika kulia.

Hapo ndipo iliponijia ile harufu... Si ya samaki. Ya udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Na ilikuwa kiangazi, ardhi kavu kote.

"Papa," akasema Béthanie, kama alivyozoea kumwita baba yake.

Nyuma kabisa ya magunia, peke yake, alikaa mwanamume mwenye shati la buluu. Shati lile nililijua. Vifungo vyake nilivifunga mimi, kabla hawajafunika jeneza.

Kiganja chake kilitazama chini. Kikashuka taratibu.

Ngojeni.

Pikipiki ikapunguza mwendo.

"Unamuona?" nilinong'ona.

"Niko namuona."

"Mupite tu."

"Yaya... anasema tungoje."

Taa ya kulia iliendelea kuwaka na kuzima. Wanawake walipunga kwa nguvu zaidi. Béthanie alianza kukoroma kifuani. Nikapaza sauti kwa mtu niliyemzika, mbele ya watu, bila aibu yoyote.

"Salomon, tuache tupite. Mutoto iko anakufa. Mutoto wako. Tuache."

Kiganja kikabaki palepale.

Nilimpiga Mwepu ngumi za mgongoni. Hakugeuka. Tukaendelea kula vumbi, nyuma ya lori, nami nikalia kwa hasira zaidi ya huzuni. Béthanie akainua mkono wake mdogo kuelekea kwenye magunia. Kisha mkono ukaanguka.

Kukoroma kukakoma.

Lori liliposimama mjini, mwanamke mmoja alishuka akatujia mbio.

"Mama, barabara ilikuwa wazi. Sababu gani hamukupita?"

Nilimuuliza ni nani aliyekaa kule nyuma.

"Kule hakuna mutu. Tulijaribu kukaa, magunia ya kule ilikuwa baridi sana. Tukahama."

Mwepu anaapa kwamba taa mbili kubwa zilipita kushoto kwetu ndani ya lile vumbi, mahali hasa ambapo tungekuwa. Anasema tungekufa wote watatu. Watu wamemwamini yeye. Mimi sikuona taa, sikusikia honi, wala upepo wa gari haukunigusa.

Labda Salomon alituokoa. Naitamani sana hiyo labda. Lakini kuna jambo ambalo Mwepu hakuliona, kwa sababu wakati huo alikuwa amekaza macho barabarani huku akilia. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza, kabla lori halijasimama, vumbi lilipungua, na Béthanie alikuwa bado mikononi mwangu, mzito, ameanza kupoa. Nikatazama juu. Salomon alikuwa palepale. Hakutuashiria tena, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imempakata Béthanie.