Picha ya Sikukuu

Salhiya alizaliwa Mkunazini, katika nyumba hii hii anayoishi sasa. Alipokuwa mdogo, picha za sikukuu zilipigwa studio. Mamaake alizitia kwenye albamu, na albamu ikafungiwa kabatini. Aliyeziona ni mgeni aliyekaribishwa, akakaa, akanywa kahawa. Lo, raha iliyoje siku zile!

Siku hizi Salhiya huzitia mtandaoni. Idi iliyopita alitia picha ya binti yake Ummy, mwenye miaka kumi na mbili. Akaandika jina lake, skuli yake na mtaa wao. Watu wakamsifia gauni, naye akafurahi kwelikweli.

Wiki mbili baadaye, Ummy akawa hali chakula vizuri. Simu ikilia, anashtuka.

"Ummy!"

"Naam, Mama."

"Una nini, mwanangu?"

Ummy akaangua kilio. Kuna mtu anamwandikia. Anajiita Rumana, anasema wanasoma skuli moja. Kwanza alilisifia gauni la Idi. Kisha akataka picha isiyofaa, akamtisha: "Usipoleta, nitamwambia mamaako una mwanamme."

 Salhiya akainyakua simu.

"Leo naivunja hii!"

Masuma, mwalimu wa kompyuta anayekaa ghorofa ya juu, alisikia kelele akashuka.

"Usiivunje, Bi Salhiya, wala usifute kitu. Maneno hayo ndiyo ushahidi. Yahifadhi, mzuie huyo mtu, kisha nendeni polisi, kwenye dawati la watoto. Na Ummy usimgombeze. Ukimgombeza, siku nyengine hatokwambia."

"Lakini huyo mtu kamjuaje mwanangu?"

Masuma akafungua ukurasa wa Salhiya. Picha ile hapo, na jina, na skuli, na mtaa.

"Huu uko wazi. Mtu yeyote anauona."

"Yarabi! Kumbe nimemwonesha mwenyewe!" Salhiya aliona aibu, akamkumbatia mtoto.

Waliyahifadhi maneno ya Rumana, picha ile wakaifuta. Masuma akawaonesha namna ya kuzifunga kurasa zao, zionekane na jamaa wanaowajua tu. Polisi wakachukua maelezo. Tangu hapo Ummy hutumia simu ukumbini, mamaake akiwepo.

Juzi Salhiya alikuwa jikoni anakuna nazi. Ummy akaingia na simu mkononi.

"Mama, kuna mtu simjui kaniandikia. Sijamjibu. Njoo tuangalie."

Salhiya akakumbuka utoto wake. Siku zile anazozitamani, naye aliwahi kufuatwa na mtu njiani, akitoka chuoni kusoma Kurani. Alimwogopa mamaake, hakusema mpaka leo.

"Nnakuja, mwanangu," akajibu, akaiacha nazi.